Magunia 18 Yako Wapi?

Nilizaliwa Mufindi, katika nyumba iliyoishi kwa pareto. Baba yangu alikuwa mwanachama wa chama cha msingi cha ushirika, na kadi yake ya hisa ilitunzwa sandukuni pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo. Mei 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, na kazi zake zikagawanywa kati ya vijiji na mamlaka za mazao. Nilikuwa bado msichana wa shule ya msingi. Ninachokumbuka ni mazungumzo ya wazee waliokuja kwetu jioni. Wengine kati yao walikuwa wamekaa kwenye kamati ya chama kwa miaka mingi, lakini hakuna aliyeweza kumweleza mwenzake chama kilikuwa na fedha kiasi gani siku kinafungwa, wala kilidaiwa nini. Walikuwa watu waaminifu na wenye akili. Walihudhuria vikao vyote, ila hesabu zilipita mbele yao bila kusimama.

Sheria ya 1982 iliporudisha vyama vya ushirika nilikuwa nimeshajua ninataka kusoma nini. Nikaenda Chuo cha Ushirika Moshi, chuo kilichoanzishwa 1963 na ambacho leo ni Chuo Kikuu. Huko nilijifunza habari za wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliojikusanya 1925 na kuzaa chama kikuu chao, KNCU, mwaka 1933, na za wafumaji wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao 1844. Nilijifunza leja, mizania, vocha na sheria. Nilitoka na ujuzi wa mtumishi. Mjumbe wa bodi nilikuja kumjua kazini, na yeye ndiye aliyekuja kuwa shughuli ya maisha yangu.

Fikiria hali yake. Asubuhi ni mkulima, yuko kwenye Mkutano Mkuu kama wenzake. Jina lake linatajwa, mikono inanyooshwa, kura zinahesabiwa. Jioni anarudi nyumbani akiwa mwajiri wa meneja mwenye stashahada, mlinzi wa mali ya mamia ya watu, na mtu ambaye sahihi yake inaweza kukiingiza chama kwenye deni la benki. Mshahara hana. Anapata posho ya kikao, na siku ya kikao jaruba lake linabaki bila mtu. Tunampa mzigo wote huo kwa shangwe na vigelegele, kisha tunashangaa miaka mitatu baadaye fedha zinapopotea.

Madibira nilifika mwanzoni mwa miaka ya 2000, kuwafundisha wajumbe wa bodi. Kutoka Mafinga unaacha mipaini na baridi, unapita Sadani, unashuka mpaka tambarare ya Usangu, na sweta unalivua njiani. Kiserikali ni kata ya Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya, lakini nusu ya watu wake wana ndugu Iringa. Salamu ni “Kamwene”, na katika foleni moja ya mashine ya kukoboa utawakuta Wasangu, Wahehe, Wabena, Wakinga na Wasukuma. Serikali na Benki ya Maendeleo ya Afrika walikuwa wamejenga skimu ya hekta 3,000 za mpunga, inayonyweshwa na Mto Ndembera, na wakulima walikuwa na chama chao, MAMCOS. Kulikuwa na mfereji mkuu, mifereji midogo, milango ya maji, ghala na ofisi. Zege lilikuwa limekauka. Kazi iliyobaki ilikuwa ya watu, na kazi ya watu haina siku ya kukabidhiwa na mkandarasi.

Kila mwezeshaji hufika na mada zake: utawala bora, uongozi, uwazi na uwajibikaji. Ni maneno mazuri, na wajumbe huyaandika kwenye daftari kwa heshima. Mimi nilichagua kuanza na ukurasa mmoja wa hesabu. Kila mjumbe alipewa nakala ya taarifa ya chama cha kubuni. Ghala lilipokea magunia 840. Yameuzwa 790. Yaliyobaki ni 32. Chini yake kuna sahihi ya meneja na muhuri. Nilisema tu, “Hii ni taarifa iliyoletwa kwenye bodi yenu leo. Mtaipitisha?” Kisha nikanyamaza.

Mara nyingi walikuwa wanaipitisha. Mmoja anatoa hoja, mwingine anaunga mkono, mwenyekiti anauliza kama kuna mwenye la ziada. Siku moja pale Madibira mama mmoja aliyekaa karibu na mlango, mwenye darasa la saba na hekta yake moja ya mpunga wa saro, alikuwa akiandika pembeni ya karatasi kwa kalamu ya mwanawe. Akainua mkono. “Mwalimu, 840 ukitoa 790 ni 50. Hapa wameandika 32. Magunia 18 yako wapi?”

Nikamwambia, “Mimi mgeni, mama. Muulize baba meneja.”

Meneja katika zoezi alikuwa mzee mmoja wa Kihehe niliyempa nafasi hiyo kwa sababu ya sauti yake. Aliishika vizuri mno. Alimtazama yule mama, akakunja uso, akasema, “Mwanangu, ina maana huniamini?” Ukumbi mzima ukaangalia chini. Yule mama akakaa.

Hapo ndipo nilipoona ugumu wa kazi yetu ulipo. Hesabu haikuwa imemshinda. Kilichomkalisha ni malezi. Sisi tumefundishwa kwamba mkubwa haulizwi mbele ya watu, na kwamba kumwuliza mtu habari za fedha ni sawa na kumwita mwizi. Malezi hayo yana thamani yake, nami sikutaka kuyabomoa. Nilitaka kumpa mjumbe njia ya kuuliza ambayo haimvunji mtu heshima. Basi tukaanza kufanyia mazoezi maneno yenyewe, kwa sauti, mmoja baada ya mwingine: “Baba mwenyekiti, naomba nieleweshwe ukurasa wa pili, mstari wa wadaiwa.” “Naomba tuoneshwe stakabadhi ya ghala kabla hatujaazimia.” “Naomba swali langu liandikwe kwenye muhtasari.” Ukitaja ukurasa na mstari, swali linaielekea karatasi, na mwenye karatasi anaweza kujibu bila kujitetea. Yule mama alirudia swali lake kwa namna hiyo, na yule mzee, bado akiwa meneja, akaahidi kuleta kitabu cha ghala.

Tangu hapo sikufundisha tena ujasiri peke yake. Mtu asiyeelewa karatasi iliyo mbele yake hana sababu ya kuwa jasiri, atauliza nini? Lakini akishaona kwa macho yake kwamba magunia 18 hayapo, swali linamtoka lenyewe, na kinachobaki ni kumwonesha namna ya kulisema.

Zoezi la pili lilihusu mipaka. Niliandika maamuzi kwenye vipande vya karatasi na kuwataka wayagawe katika mafungu matatu: la meneja, la bodi, na la Mkutano Mkuu. Kupanga zamu ya walinzi wa ghala. Kununua pawatila. Kuidhinisha makisio ya mapato na matumizi. Kubadili masharti ya chama. Kukopa benki. Mabishano yalikuwa makali, hasa kwenye mkopo, mpaka tukafungua sheria na kukuta kwamba ukomo wa madeni hupangwa na wanachama wenyewe kwenye Mkutano Mkuu na kuridhiwa na Mrajis wa Vyama vya Ushirika, na bodi haina ruhusa ya kuuvuka. Wenyeviti wengi walishangaa kuambiwa kwamba hawapaswi kukaa ofisini kila siku wakitoa amri kwa karani. Bodi inayofanya kazi ya meneja haibaki na mtu wa kumsimamia meneja, maana haiwezi kujikagua yenyewe.

Jambo lililohitaji uangalifu zaidi ni undugu. Vitabu vinasema mjumbe aepuke mgongano wa maslahi. Madibira, na kijiji chochote cha Nyanda za Juu Kusini, mwuza viroba ni shemeji, mwenye lori ni mtani, fundi wa paa ni baba wa ubatizo wa mtoto wako. Ukimtaka mjumbe asiyehusiana na mtu, hutampata. Kwa hiyo tuliweka utaratibu wa kutamka: “Huyu ni shemeji yangu, naomba kutoka nje wakati mnajadili.” Anatoka, uamuzi unafanyika, muhtasari unaandika saa aliyotoka na saa aliyorudi. Wajumbe waliupenda utaratibu huu kuliko nilivyotarajia. Uliwapa kinga dhidi ya ndugu zao wenyewe, kwani sasa mtu angeweza kumwambia shemeji yake kwa ukweli kabisa, “Mimi sikuwamo.”

Sikufanya kazi Madibira peke yake. Katika wilaya nyingine, kwenye chama nisichokitaja, niliitwa baada ya mambo kuharibika. Walikuwa wamekopeshana pembejeo, na mstari wa wadaiwa ulikuwa umekua kila mwaka. Hakuna mjumbe aliyewahi kuomba orodha ya majina nyuma ya mstari ule. Orodha ilipotoka, majina ya juu yalikuwa ya viongozi. Nilikaa na wajumbe wale siku nzima. Wengi walikuwa wazee wa kanisa na msikiti, watu ambao ungewaachia ufunguo wa nyumba yako. Mmoja alilia. Aliniambia alidhani kuwa mwaminifu kunatosha. Nimemkumbuka mtu yule katika kila semina niliyoendesha tangu siku hiyo. Yeye hakuiba hata shilingi, lakini wanachama walipoteza akiba zao yeye akiwa kitini.

Miaka ya UKIMWI ilinipeleka kwenye aina nyingine ya bodi. Iringa, pamoja na Makete na Njombe zilizokuwa bado ndani yake, iliumia sana, na asasi za kuhudumia yatima na wagonjwa majumbani zilizaliwa kila mahali, nyingi zikisajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002. Wafadhili walidai bodi. Mwanzilishi, mara nyingi mtu mwenye moyo mkubwa, aliandika majina: mkewe, mpwa wake, mchungaji wake, rafiki yake wa Dar es Salaam. Wote walikubali kwa upendo. Kukutana walikuwa hawakutani. Nilipokaa nao niliwauliza jambo moja: mwanzilishi akifariki usiku wa leo, nani anajua namba ya akaunti, na watoto hawa watakula nini wiki ijayo? Ukimya uliofuata ulifanya kazi kuliko mada zangu zote. Asasi kadhaa zilianza kukutana kila robo mwaka kuanzia hapo.

Madibira nako kulikuwa na hesabu nyingine ambayo haiandikwi kwenye leja. Maji ya Ndembera hayaishii mashambani. Yanakwenda Ihefu, yanaungana na Ruaha Mkuu, yanapita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha hadi Mtera na Kidatu, kwenye mitambo ya umeme. Tangu miaka ya 1990 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi. Ndiyo maana matumizi ya maji yana kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, na mjumbe anapopiga kura kuhusu siku ya kufunga mlango wa maji anaamua pia juu ya watu asiowaona. Nilikuwa nawapeleka wajumbe wapya kutembea kando ya mfereji, kuanzia banio hadi jaruba la mwisho kabisa, wakaongee na mkulima wa mwisho. Aliyekaa mwishoni mwa mfereji hahitaji kufundishwa maana ya mgao wa haki, na mjumbe aliyemsikiliza hupiga kura tofauti.

Ratiba nayo ni sehemu ya mafunzo. Januari na Februari, watu wakiwa wanapandikiza, usiite semina. Utapata wajumbe wenye usingizi na tope miguuni. Mafunzo yalishika tulipoyaweka baada ya mavuno, kabla ya makisio ya mwaka unaofuata, palepale kwenye chama, juu ya vitabu vya chama chenyewe. Kilichofundishwa Jumanne kilitumika kwenye kikao cha Ijumaa. Na wajumbe waliomaliza muda wao tuliwaomba wakae siku nzima na walioingia, wawaoneshe mafaili. Baadaye watu hao ndio waliokuwa wakifundisha zoezi la magunia, mimi nikiwa mgeni wao.

Leo vyama vina mfumo wa kompyuta wa MUVU, na taarifa husomwa kwenye simu. Nafurahi sana. Lakini mfumo unaonesha tarakimu. Kuuliza bado ni kazi ya mtu, na mtu huyo anapaswa kuandaliwa.

Nimestaafu, na ninaulizwa nawaachia nini walio kazini. Nawaachia ombi moja. Kanuni ya 5 ya ushirika duniani, kama ilivyotangazwa Manchester 1995, ni elimu, mafunzo na habari, na imewekwa sawa kwa sawa na demokrasia na uhuru wa chama. Kwenye makisio, hata hivyo, fungu la mafunzo ndilo hukatwa la kwanza, mbolea na dizeli zikibaki. Wanachama wa Madibira, Rujewa, Mafinga na kwingineko: mkutanoni, makisio yanaposomwa, nyoosheni mkono muulize fungu la kuwafundisha wajumbe wenu liko ukurasa gani, na ni kiasi gani. Kama halipo, msipitishe mpaka liwekwe. Mtu mliyemchagua anajitolea siku zake bila mshahara kwa ajili yenu, na ana haki ya kufundishwa kazi mliyompa.