Choma cha Nkola: hesabu hatua kabla ya kununua kiwanja

Likizo hii niliwapeleka wanangu Choma cha Nkola, wilayani Igunga, kumsalimia baba yangu mdogo. Kabla ya kuondoka Tabora mjini tulipita Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, nikawaonyesha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji.

Mkubwa, wa darasa la 6, akauliza: "Baba, walikuwa wanapita tu kwenye mashamba ya watu?"

Nikamwambia hawakupita bure. Walilipa hongo kwa mtemi. Leo neno hilo ni rushwa, lakini wakati ule ulikuwa ushuru wa njia. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alipofunga njia ya kwenda Ujiji, wafanyabiashara wa Unyanyembe waliingia naye vitani. Mwenye ardhi na mwenye safari wasipoelewana, wote huumia.

Choma nilikuta somo hilohilo likimsubiri baba mdogo. Fedha za pamba zilikuwa mkononi na kiwanja kando ya barabara alishakilipia nusu, ajenge fremu 3 za biashara. Karatasi ya mauziano ilikuwa na mashahidi na muhuri.

"Tukakione," nikasema.

Tulisimama katikati ya barabara, tukahesabu hatua ndefu za mtu mzima hadi kwenye kigingi. Zilifika 18. Kimya kikatanda.

Mzazi mwenzangu, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaweka hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kuwa mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Awali ilikuwa mita 22.5. Ndiyo maana tunaona alama za X za rangi mbili kwenye nyumba. Nyekundu ni ya aliyejenga ndani ya hifadhi, naye huvunjiwa bila fidia. Kijani ni ya aliyefuatwa na barabara hifadhi ilipoongezwa, naye anastahili kulipwa eneo lake linapohitajika.

"Lakini muhuri upo, mwanangu," baba mdogo alisema kwa sauti ya chini.

Tatizo ni hapo. Kijiji kina mamlaka juu ya ardhi yake kwa sheria ya mwaka 1999, na kinaweza kupanga wapi pawe makazi, mashamba na malisho. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Za wilaya, tangu 2017, ziko chini ya TARURA na zina vipimo vyake. Ramani hizi zisipowekwa juu ya meza moja, familia ndiyo inayolipa gharama.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, uliza mambo matatu: barabara hii ni ya nani? Hifadhi yake inaishia wapi? Mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji unasema nini kuhusu eneo hili? Na mkutano wa kijiji ukiitishwa kupanga ardhi, nenda. Hapo ndipo pa kuuliza pia kwa nini shule iwe upande huu na kisima upande ule, watoto wavuke kila siku na ndoo kichwani.

Baba mdogo hakumalizia malipo. Jumatatu alivaa shati lake la kanisani, akaenda kuuliza. Fremu zinaweza kungoja. Jasho la msimu mzima wa pamba likibomolewa, halirudi.