Wazazi wa Ruwi

Mwanamke akijifungua Unguja, nyumba hujaa watu kabla mtoto hajaoshwa. Mama yake anapika uji wa pilipili manga, somo wake anachemsha maji ya kumkanda, shangazi anatafuta kanga nzito ya kumfunga tumbo, na kijana ameshatumwa soko la Darajani akalete pweza wa kuteremsha maziwa. Mzazi mwenyewe kazi yake ni kunyonyesha na kulala mpaka arobaini itimie. Katika utaratibu huo nilizaliwa, na juu yake nikaja kusomea ukunga pale Mnazi Mmoja, hospitali ikiitwa V.I. Lenin zama hizo. Vitabu vilinifundisha mengi kuhusu nyonga na damu. Kwamba uzazi unataka jeshi la wanawake, hilo nilikuja kuliona Maskati, mahali ambapo jeshi lenyewe halikuwepo.

Tuliotoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 tulitawanyika: Dar es Salaam, Mombasa, Cairo, Dubai, Uingereza. Julai 1970 Sultan Qaboos alichukua nchi ya Oman kutoka kwa baba yake, akawaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga. Wengi wenye asili ya huko tukaitika. Mimi nilikwenda 1973 kwa bahari, Mombasa hadi Bombay kwa meli ya Karanja, kisha Dwarka ikatufikisha Maskati. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Miaka mitatu nyuma ilikuwa na shule tatu tu za serikali, zote za wavulana, na lami ya kilomita kama kumi tu. Mwanamke wa Kizanzibari aliyesoma alitafutwa: ualimu, unesi, ofisini, benki. Wenzangu wengi walipata kazi kabla hawajamaliza kufungua mizigo. Lakini walikuwa vijana, wakiolewa na kuzaa, na mama zao walikuwa wamebaki upande wa pili wa bahari.

Namkumbuka msichana mmoja wa Malindi, Mji Mkongwe, aliyejifungua mtoto wake wa kwanza nikiwa zamu. Mumewe alikuwa Fahud, huko jangwani kwenye visima vya mafuta. Asubuhi nilipomwambia mambo yake yote ni salama na anaweza kurudi nyumbani, alinishika mkono. "Dada, nani atanikanda?"

Sikuwa na jibu la hospitali. Jioni nilipotoka kazini nilikwenda Ruwi, karibu na uwanja wa zamani wa ndege wa Bait al Falaj, nikambishia hodi mama mmoja wa Wete, Pemba, aliyekuwa akishona nguo za watoto. Hakuniuliza msichana ni wa nani wala kabila gani. Alivua miwani, akachukua sufuria yake kubwa na kanga mbili. Alipofika kwa mzazi alikaa kitandani akamwambia: "Mpaka arobaini itimie, mama yako mimi. Ukitaka kulia, nililie mimi." Na yule binti alilia, tena sana. Nilifurahi, maana tangu leba alikuwa kimya, na mzazi kimya ndiye anayenitia hofu zaidi.

Siku ya tatu ikabishwa hodi nyingine. Jirani, mwanamke wa Kiarabu wa Nizwa asiyejua neno la Kiswahili, alikuja na bakuli la supu ya uwatu na kuku aliyepikwa kwa samli. Mama wa Wete alifunua, akanusa, akaonja, akatikisa kichwa kwa kuridhika: Pemba pia mzazi hunyweshwa uwatu. Wanawake wale wawili hawakuwahi kuzungumza kikamilifu hata walipozeeka, lakini siku ile walikubaliana kwa vidole kwamba kiyoyozi kizimwe na mzazi asikanyage sakafu kwa miguu mitupu. Mimi mwenye cheti nilikaa pembeni nikatazama, na sijaona matunzo bora kuliko yale katika wodi yoyote niliyofanya kazi.

Tangu hapo ikawa desturi. Mimba ya Mzanzibari ikifika mwezi wa nane, wanawake wa Ruwi na Matrah waligawana zamu: nani atapika, nani atakanda, nani atalala hapo usiku. Bibi aliyeko Unguja naye hakuachwa nje. Alirekodi kaseti akampa msafiri, na mzazi akaisikiliza huku ananyonyesha: mwogeshe hivi, usimbebe hivi, jina la babu yake lisisahauliwe. Kuna nyumba kaseti hizo zilipigwa mpaka utepe ukakatika.

Lakini watoto walioachwa nyuma, hilo hatukuweza kuligawana kwa zamu. Kutoka Unguja miaka ile hakukuwa kununua tiketi tu. Watu waliondoka kwa mashua usiku, na wapo waliomwacha mtoto mdogo kwa bibi yake wakiamini watamfuata baada ya miezi. Mwenzangu mmoja wa kazi alimwacha binti yake akiwa ananyonya. Alimpata tena binti ana miaka tisa. Alimnunulia kitanda, nguo, mkoba wa shule. Wiki ya kwanza mwalimu alimuuliza mtoto jina la mama yake ili aandike fomu, naye akataja la bibi yake, bila ubaya wowote, kwani ndiye mama aliyemjua. Mwenzangu alinieleza hayo amesimama wodini na trei ya dawa mkononi, kisha akaendelea na kazi. Nasikia watu wakisema kwamba akina mama wale walichagua. Wanaosema hivyo hawakuziona sura zao.

Lugha nayo iligawa nyumba. Watoto wetu walichekwa mitaani, wakiitwa Zinjibari, na baadhi ya mama wakapiga marufuku Kiswahili mlangoni ili mwana asome Kiarabu vizuri. Sikuwalaumu, ila niliona gharama yake: mtoto anafika miaka kumi na tano, na mama yake, ambaye Kiarabu chake ni cha sokoni, hawezi tena kumwonya wala kumbembeleza.

Siku hizi nikiwaona mabinti wa Tanga, Pemba na Mombasa wakiwasili Maskati kufanya kazi za nyumbani, namkumbuka yaya mmoja wa Sri Lanka, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sisi tulikuwa tumeanza kujimudu, na nyumba nyingi za mama wafanyakazi zilileta mayaya. Yule aliajiriwa na yule yule mwenzangu wa kazi. Usiku mmoja niliitwa: yaya ana homa. Nilipomfungua blauzi nikakuta matiti yamejaa, yamekuwa kama mawe. Alikuwa na mtoto wa miezi mitatu aliyebaki kwa mama yake, na wakala aliyempeleka alimwagiza asiseme.

Mwenzangu alisimama mlangoni muda. Kisha akaenda jikoni, akarudi na beseni la maji moto na kitambaa, akapiga magoti akaanza kumkanda mwenyewe. Akanitaka nisimtoe maziwa mengi, yasije yakazidi kuteremka, jambo nililomfundisha mimi.

Mkataba wa yaya ulikuwa wa miaka miwili. Haukufika hata nusu, mwenzangu akamkatia tiketi ya kurudi kwao na kumlipa miezi iliyobaki. Jamaa walimwambia amepoteza pesa, na mumewe alinuna. Mimi nilimuunga mkono siku ile na namuunga mkono hadi leo. Baada ya hapo mwenzangu alihamia zamu ya usiku, na mwanawe mdogo akawa analala kwangu.