Siku Chemsha Bongo Iliponichemsha Mimi

Kazi ya kuuliza maswali ni nyepesi machoni pa watu. Unasimama mbele ya kadamnasi, umefunga tai, kadi ziko mkononi na kila jibu limeandikwa nyuma ya kadi. Nani atakushinda? Hivyo ndivyo nilivyofikiri mwaka 2018, nilipoombwa kuendesha chemsha bongo ya sayansi ya shule za upili za Migori na Homa Bay. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nilichaguliwa kwa sababu ya sauti, si kwa sababu ya sayansi.

Duru ya kwanza ilifanyiwa Migori. Ukumbi ulifurika furifuri, na maswali yakaenda mbio. Ni nani aliyegundua fuvu la Proconsul kisiwani Rusinga mwaka 1948? Kengele ililia kabla sijameza mate: Mary Leakey! Gugu maji linaloziba ziwa letu lilitoka bara gani? Amerika Kusini!

Tulipofika swali la mwisho, shule mbili zilikuwa zimekabana koo, alama sawa kwa sawa. Nikasoma: "Maji huchemka yakifika nyuzi ngapi za Selsiasi?"

Aliyebonyeza kengele alikuwa msichana wa kidato cha tatu, kutoka shule ya kando ya ziwa.

"Samahani, mwalimu. Wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Nikamwambia kwamba hapa swali halijibiwi kwa swali. Akavuta pumzi.

"Kwetu ni nyuzi 96. Nimepima mwenyewe. Mia ni huko Mombasa."

Nikageuza kadi. Kadi ilisema 100. "Si sahihi!" nikanguruma kwa ile sauti yangu. Swali likahamia upande wa pili, mvulana mmoja akasema mia, na ukumbi ukalipuka kwa vifijo. Waamuzi walikuwa wameketi hatua tano tu kutoka niliposimama. Sikuwauliza neno.

Jioni nikamsimulia mwenzangu anayefundisha fizikia, nikidhani namletea kichekesho. Hakucheka.

"Ndugu yangu," akasema, "mtoto wa watu umemwonea."

Akanieleza. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu za kuusukuma uzito wa hewa iliyo juu yake. Pwani hewa hiyo ni nzito, ndiposa maji hungoja hadi nyuzi 100. Kadiri unavyopanda, ndivyo uzito huo unavyopungua, nayo maji huchemka mapema. Ukikadiria, nyuzi moja hupungua kwa kila mita 300. Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Ondoa nyuzi karibu nne, unabaki na 96. Nairobi, iliyo juu zaidi, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kumbe akina mama wanaohamia Nairobi kutoka Mombasa wakilalamika kwamba maharagwe hayaivi upesi, wana haki! Kosa si la moto. Maji yenyewe hayafiki joto lile.

Usiku ule usingizi ulinipaa. Kulipokucha nikawapigia waamuzi simu. Wakanijibu kwamba matokeo yalikwisha kutangazwa, na kwamba rufani hukatwa kabla timu hazijatoka ukumbini. Nani angekata rufani? Yule msichana na mwalimu wake walikuwa wameniamini mimi.

Fainali ilikuwa Homa Bay, majuma mawili baadaye. Matatu ilipita Awendo katikati ya miwa, ikakunja kona Rongo, ikateremka kuelekea ziwani, nami nimekaa kama mtu anayekwenda mahakamani. Nilikuwa nimeomba vitu vitatu: jiko la gesi, chombo cha maji na kipimajoto.

Timu zilizoshindwa zilikuwa zimealikwa kutazama. Nilimwona msichana yule kwenye safu ya nyuma. Kabla ya swali la kwanza nikaeleza yote, bila kujitetea. Maji yalipotokota, nikamwita aje asome kipimajoto yeye mwenyewe.

"Tisini na sita," akasema polepole.

Ukumbi ukapiga makofi. Lakini wenzake wawili wa timu hawakupiga. Niliwaona, wala sikuwalaumu. Ukweli ulikuwa umerudi, ila nafasi yao ya fainali haikurudi.

Baada ya mashindano akanijia.

"Asante, mwalimu. Lakini nina swali moja. Katika mtihani wa kitaifa niandike lipi?"

Ulimi ulitaka kumwambia aandike ukweli, liwalo na liwe. Lakini nilikuwa nimekwisha kumgharimu mara moja kwa kujifanya najua. Nikamwita mwenzangu wa fizikia.

"Binti yangu," akamwambia, "andika: nyuzi 100 katika usawa wa bahari. Maneno hayo manne ya mwisho yatamridhisha msahihishaji, nawe hutakuwa umesema uongo."

Akayaandika kwenye kiganja cha mkono wake kwa kalamu, akaenda zake.

Bado naendesha chemsha bongo. Siku hizi kadi zangu hupitiwa na mwalimu wa sayansi kabla sijazisoma, na meza ya waamuzi naiweka karibu nami. Na mtoto akiniuliza "Wapi?", huwa nasimamisha saa kwanza, nikamsikiliza.