Agosti Mbili za Missouri, na Agosti ya Kenya

Missouri, jimbo la Marekani ninaloishi, limepigia kura sheria moja ya afya mara mbili mwezi wa Agosti. Agosti 2010, miezi michache baada ya Rais Barack Obama kutia saini sheria iliyobandikwa jina la Obamacare, wananchi waliulizwa kama jimbo likatae sharti la kila mtu kuwa na bima. Asilimia 71 walisema likatae. Agosti 2020 wakaulizwa kama Medicaid, mpango wa serikali wa matibabu kwa watu wa kipato cha chini, upanuliwe kama sheria hiyo hiyo ilivyoruhusu. Asilimia 53 walikubali. Mara ya kwanza kura hazikufika milioni moja. Mara ya pili zilipita milioni 1.2.

Kwetu Wakenya, Agosti ni uchaguzi mkuu: foleni tangu alfajiri, wino kidoleni, nchi nzima imesimama. Huku Missouri ni mwezi wa mchujo wa vyama, na wengi hupitisha siku hiyo bila hata kujua kuna kura. Gavana Mike Parson ndiye aliyeliweka swali la Medicaid Agosti badala ya kungoja Novemba, siku ya uchaguzi wa rais. Alieleza kwamba jimbo lilihitaji kujua mapema gharama itakuwaje. Waliotaka upanuzi hawakuridhika na maelezo hayo, nami pia sikuridhika. Ukitaka maskini asiamue jambo linalomhusu, huna haja ya kumnyima kura. Inatosha kuchagua tarehe asiyoizoea.

Lakini safari hiyo walikuja. Kazi yangu ni ya kutunza wazee, kazi inayofanywa na Waafrika Mashariki wengi huku, na nilijua kwa nini wenzangu walijitokeza. Kabla ya upanuzi, mtu mzima asiye na mtoto na asiye mlemavu hakuwa na nafasi katika Medicaid ya Missouri, hata awe fukara namna gani. Mzazi naye alipaswa kuwa na kipato cha chini sana, kama robo tu ya kile ambacho serikali yenyewe inakiita umaskini, au hata pungufu ya hapo. Kwa hiyo mwanamke anayewaogesha na kuwalisha wazee wenye bima zao alirudi nyumbani akiwa hana yake. Kuvuka barabara inayogawa Kansas City kati ya Missouri na Kansas kungemfikisha kwenye hali ile ile, ila huko Kansas wananchi hawana njia ya kulipeleka swali kama hilo kwenye kura wao wenyewe. Mwaka 2017 bunge la Kansas lilipitisha upanuzi, gavana Sam Brownback akaukataa, na wabunge wakakosa kura chache tu za kubatilisha uamuzi wake.

Ukiangalia nchi nzima, sheria hii ya Obamacare imewatoa watu nyumbani kupiga kura kwa namna isiyo sawa. Ilipopita Machi 2010, hakuna hata mbunge mmoja wa Republican aliyeiunga mkono. Novemba mwaka huo chama cha Democratic kikapoteza viti 63 katika Baraza la Wawakilishi. Waliokasirika walikwenda vituoni. Faida kubwa za sheria, yaani bima yenyewe, zilianza Januari 2014. Ungetegemea Novemba 2014 wenye kadi mpya wajae kwenye foleni. Badala yake ulikuwa uchaguzi uliovuta watu wachache zaidi tangu Vita vya Pili vya Dunia: kama asilimia 36 au 37 tu ya wenye haki ya kupiga kura. Kisha 2017 Rais Donald Trump na chama chake wakajaribu kuifuta, jaribio likafia Seneti usiku ambao John McCain, seneta wa chama hicho hicho, aligeuza kidole gumba chini, na 2018 karibu nusu ya wenye haki wakapiga kura. Uchaguzi wa katikati ya muhula ulikuwa haujaona idadi hiyo kwa zaidi ya miaka 100. Trump mwenyewe aliwatoa wengi nyumbani, kwa hiyo siipi afya sifa yote. Lakini katika mahojiano na watu waliotoka vituoni, wanne katika kila kumi walitaja afya kuwa ndiyo iliyowaelemea zaidi.

Kumbe anayeogopa kupokonywa hukimbilia debe upesi kuliko aliyepewa. Hili linanisumbua, kwa sababu aliyepewa ndiye aliyekuwa na shida zaidi.

Hata hivyo kupewa nako kuna uzito wake. Mwaka 2008 jimbo la Oregon lilikuwa na nafasi chache za Medicaid na waombaji wengi, likapiga bahati nasibu. Watafiti Katherine Baicker na Amy Finkelstein walifuatilia majina baadaye, wakaona kwamba kupata Medicaid kuliongeza uwezekano wa mtu kupiga kura Novemba ile kwa takriban asilimia 7. Joshua Clinton na Michael Sances nao walilinganisha maeneo yaliyopanua Medicaid na yasiyopanua baada ya 2014: usajili na upigaji kura vilipanda kwanza, halafu kufikia 2016 mwamko ukafifia.

Kwa nini kupewa matibabu kumpeleke mtu kupiga kura? Shukrani inaweza kuwa sababu mojawapo, na mgonjwa aliyepona hupata nguvu ya kwenda. Mimi naipa nafasi kubwa sababu nyingine, ndogo na ya kiofisi. Tangu sheria ya 1993, ofisi za Marekani zinazotoa misaada ya umma, Medicaid ikiwemo, zinatakiwa kumuuliza mwombaji kama angependa kusajiliwa kuwa mpiga kura. Fomu ya bima na fomu ya kura ziko mezani pamoja, na mtu aliyekuja kutafuta daktari anaondoka akiwa na sauti.

Sasa tuje nyumbani Kenya. Oktoba 19, 2023, Rais William Ruto alitia saini sheria iliyoizika NHIF, bima ya afya ya taifa, na kuzaa SHA, mamlaka ya bima mpya. Mwenye mshahara sasa hukatwa asilimia 2.75. Wa shilingi 100,000, aliyekuwa akikatwa 1,700, hukatwa 2,750. Wa 20,000, aliyekuwa akikatwa 750, hukatwa 550. Huyu wa pili sijamsikia hata mara moja kwenye redio wala kwenye vikundi vyetu vya WhatsApp, na sauti ya wa kwanza imejaa kila mahali. Ni ile ile hadithi ya 2010. Mama mboga na kijana wa bodaboda nao hujibu maswali kuhusu nyumba na mali zao, kisha hupangiwa cha kulipa, kisichopungua 300 kwa mwezi, na kwa kawaida kinadaiwa cha mwaka mzima kwa mkupuo.

Mkenya akichukia sheria kama hii hapati kura ya kuikataa au kuikubali yenyewe. Hukimbilia mahakamani. Julai 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu walisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na Septemba Mahakama ya Rufaa ikauzuia uamuzi huo. Mambo yakaendelea. Nilipozungumza na mdogo wangu anayeuza mitumba Nakuru, alinijibu, “Kaka, nitapiga kura ya nini? Hii ya SHA nani aliniuliza?”

Jibu lake linanitia hofu kuliko hasira ya watu wa mishahara mikubwa. Mwaka 2013 waliojitokeza Kenya walikuwa karibu asilimia 86 ya waliosajiliwa, Agosti 2017 karibu 79, na 2022 kama 65. Hasira ya Missouri ya 2010 iliwapeleka watu kituoni. Ya kwetu inaweza kuwabakiza nyumbani, maana kura yetu huuliza mtu na muungano wake, na haiulizi sheria.

SHA imesajili zaidi ya watu milioni 20. Watu wazima kati yao walitoa kitambulisho kile kile ambacho IEBC, tume ya uchaguzi, inakitaka, na hakuna aliyewauliza kama wao ni wapiga kura. Ningependa kuona karani wa IEBC ameketi katika hospitali za kaunti, kwenye ukumbi huo huo wa kungojea. Awe wa IEBC, si wa SHA, kwa sababu daftari la wapiga kura likishikwa na ofisi ya serikali inayogombania kurudi madarakani, nani atalisadiki?

Agosti 10, 2027, mimi nikifika kwenye ubalozi nitapata karatasi moja tu, ya rais. Mbunge na seneta walioipigia kura sheria hii, na gavana anayeendesha hospitali ya kaunti, kura yangu haiwafikii. Mdogo wangu atapewa karatasi sita. Nataka ajisajili, aende, azipige zote sita.