Mahali pa Asumini Kitengela



Sisi watu wa Mombasa hatukufundishwa kuchagua mahali pa kupanda asumini. Aliyeitaka alichomeka kikonyo kando ya kisima au chini ya dirisha, na joto la pwani likafanya yaliyobaki. Kitengela si hivyo. Mji huo uko juu ya uwanda wa Athi, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Usiku wa Julai baridi huweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi, na upepo wa kusi, ambao kwetu ni burudani, huko huvuka mbuga bila kukutana na kizuizi.

Tulifika mwezi huo wa Julai kwa treni ya asubuhi inayosimama vituoni, tukateremka Athi River na kupanda matatu. Tulikwenda kumzuru mama mmoja wa Mji wa Kale ambaye, baada ya kufiwa na mumewe, alihamia kwa mwanawe. Nyumba ni nzuri, katika kiwanja cha futi 50 kwa 100, na wajukuu hawambanduki. Lakini alichotuonyesha kwanza, kabla hata ya chai, ni vijiti viwili vikavu vilivyokuwa miche ya asumini.

“Shekhe,” alisema, “nchi hii hainitaki.”

Mwanawe aliinamisha kichwa. Tulifahamu kuwa hazungumzii maua peke yake. Hata hivyo maua ndiyo tuliyoweza kuyatazama, basi tukayatazama.

Mche wa kwanza ulipandwa karibu na lango, katika ule udongo mweusi wa Kitengela ambao wajenzi huuogopa. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono. Mvua ikinyesha huvimba na kunata. Shimo likichimbwa humo huwa kama bakuli: maji huingia yasitoke. Masika yalipokuja, mizizi ilioza. Mche wa pili ulipandwa Januari, hatua moja kutoka ukuta wa kusini, mahali palipokuwa na jua tele. Kufika Juni ulikuwa umenyauka, na hakuna aliyejua sababu.

Sababu tulianza kuiona siku ya pili, tuliposhika barabara ya Namanga hadi Kajiado, kiasi cha kilomita 50. Isinya tulipita mashamba ya mawaridi ya kupelekwa Ulaya, yote chini ya paa za plastiki. Mwenye mali huwatengenezea maua hali ya hewa yao. Kajiado ni jina la Kimaasai lenye maana ya mto mrefu, ingawa wakati ule tuliona vumbi zaidi ya maji. Mwenyeji wetu, mzee wa makamo ya juu, ana asumini iliyonawiri ndani ya debe. Debe hilo hulihamisha mara mbili kwa mwaka: masika yakiisha hulipeleka ukuta unaoelekea Kibla, na Desemba hulirudisha upande wa pili. Hakusoma falaki. Alifuata majani yalivyomwambia.

Sisi falaki tuliisoma kidogo madrasani, kwa ajili ya kupima kivuli cha Alasiri, na hapo tukaikumbuka. Kutoka Kitengela, Kibla iko karibu kaskazini kabisa, ikielemea mashariki kidogo. Mwezi wa Juni jua nalo husafiri upande huo huo wa kaskazini, tangu macheo hadi machweo. Ukuta wa kusini wenye kimo cha mita 3 hutupa kivuli cha karibu mita moja na nusu hata adhuhuri. Kilicho ndani ya kivuli hicho hakipati jua siku nzima, na kusi kinakipiga usoni. Januari mambo hugeuka, ndiyo maana mahali pale palidanganya. Kwa hiyo atakaye kupanda asumini bara na achague mahali Julai, wakati wa ubaya wake.

Mama hawezi kuhamisha debe, wala hakutaka debe, alitaka ardhini. Tulimwonyesha upande wa Kibla, karibu na pembe ya magharibi, kwa kuwa miezi ya baridi mawingu ya asubuhi mara nyingi hufunguka mchana. Nyumba yenyewe hapo huzuia kusi. Tulipima mita moja na nusu kutoka ukutani. Umbali huo unautoa mche katika kivuli cha adhuhuri ya Desemba, na pia unaulinda msingi, maana kumwagilia udongo mweusi chini ya ukuta ni kuita ufa. Shimo lisichimbwe. Liinuliwe tuta la udongo mwekundu uliochanganywa na samadi ya zamani, mizizi ikae juu ya maji.

Maji ya visima vingi vya huko yana chumvi, na asumini haiipendi. Yapo ya mvua kutoka paani, na yapo ya udhu wa mama mara tano kwa siku, yasiyo na sabuni, ambayo sasa yanakwenda shimoni bure.

Kuna jambo jingine lililotupendeza. Dirisha la chumba chake liko upande huo huo. Asumini hufunguka jioni, na katika miezi ya joto, inapochanua zaidi, kaskazi huvuma kuelekea nyumbani.

Mwanawe alitaka kupanda masika yajayo, kama wafanyavyo wakulima. Tulimwambia hapana, mche wa masika huingia baridini ukiwa mchanga. Upandwe vuli, Novemba, uwe na miezi mingi ya joto mbele yake. Ameahidi kuleta vikonyo kutoka Mombasa mwisho wa Oktoba. Mama ameagiza vitatu: viwili vya kwake, kimoja cha jirani Mmaasai, ambaye mbuzi wake ndio watakaotoa samadi, na ambao itabidi wazungushiwe ua wasije wakaanza mavuno wao.