Usiniambie Si Makosa Yangu

Wanaoletwa kwangu huja na karatasi iliyoandikwa "hapati usingizi", "amezidisha pombe", au "msongo wa mawazo". Mimi ni muuguzi wa afya ya akili katika hospitali ya serikali huku Pwani ya Kenya, na kwa muda mrefu sasa wengi wanaoketi mbele yangu ni watu wa sare: wauguzi wenzangu, maafisa wa kliniki, askari polisi, mara mojamoja mwanajeshi aliyerudi kutoka Somalia. Karatasi haisemi uongo. Usingizi kweli umepotea, na pombe kweli imezidi. Lakini ukimpa mtu nafasi ya kusema, wako wasiosimulia hofu hata kidogo. Husimulia walichokitenda, au kilichotendwa mbele yao wakanyamaza, na hukisimulia kama washtakiwa waliokwisha kujihukumu wenyewe.

Hilo ndilo jeraha la dhamiri. Aliyelitia katika maandishi ya tiba ni Jonathan Shay, daktari wa akili wa Boston aliyewahudumia wanajeshi waliopigana Vietnam, na mwaka 1994 akatoa kitabu kinachowasoma wanajeshi hao sambamba na Achilles, shujaa wa utenzi wa Homer. Kilichomshtua Shay ni kwamba waliowavunja watu hawa moyo walikuwa makamanda wao wenyewe, wenye mamlaka halali, waliokiuka lililo haki katika saa ya hatari. Mwaka 2009 Brett Litz na wenzake wakapanua maana: mtu hujeruhiwa pia kwa alilolitenda mwenyewe, kwa aliloshindwa kulizuia, na hata kwa alilolishuhudia tu, likiwa limevunja anachokiamini kwa dhati. Mtu mwenye jeraha hili dhamiri yake iko hai na inafanya kazi. Asiye nayo haji kwangu.

Huo usaliti wa wakubwa sisi wa hospitali tunaujua vizuri. Madaktari wa Kenya waligoma kwa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, wakidai utekelezwe mkataba uliotiwa saini tangu 2013. Juni 2017 wauguzi nao wakagoma, karibu miezi mitano. Watu wa nje waliuona ule kuwa ugomvi wa mishahara. Ndani kulikuwa na wauguzi waliojua kabisa kwamba mama asiye na pesa za hospitali ya binafsi angejifungulia nyumbani, na wakakaa nyumbani hata hivyo, kwa sababu kurudi kazini ilikuwa kukubali wodi zisizo na glavu wala dawa. Ukienda umekosa, ukikaa umekosa. Aliyetiwa katika njia panda hiyo hatoki salama kwa kuambiwa apumzike.

Nitoe mfano mmoja, na mambo yake nimeyabadilisha ili mwenyewe asijulikane. Ni zamu ya usiku wakati wa Uviko: mtungi mmoja wa oksijeni uliobaki, wagonjwa wawili wanaouhitaji. Muuguzi akachagua. Yule mwingine akafariki kabla ya alfajiri. Kuanzia msimamizi wa wodi hadi mumewe, kila mtu alimwambia si makosa yake. Alipofika kwangu, miezi mingi baadaye, aliniwahi kabla sijasema lolote: "Sista, na wewe usiniambie si makosa yangu."

Nilimwelewa. Faraja ya haraka hufunga mdomo. Msemaji anataka kusaidia, lakini msikilizaji anasikia kwamba habari yake haitakiwi. Kwa hiyo tukarudi kwenye ule usiku, polepole, kwa vikao kadhaa. Ulijua nini saa ile? Ulimpigia nani? Nani hakupokea? Mwishowe ikaonekana sehemu moja ni yake kweli: asubuhi ndugu wa marehemu walipouliza, aliwapa jibu la mkato lisilo na ukweli, na hilo ndilo lililokuwa likimrudia usiku kuliko hata uchaguzi wenyewe. Sehemu kubwa zaidi ilikuwa ya watu waliokaa na barua za kuomba oksijeni mezani kwa miezi. Kazi hii inafanana na kugawa mirathi: kila mmoja apewe fungu lake, asibaki mtu amebeba la mwenzake. Mgonjwa huhisi mara moja ukimdanganya katika mgao.

Hatari ya kujiua inaingilia hapa. Majuto husema nilitenda baya. Aibu husema mimi ni mbaya, na ikishafika hapo mtu hujificha: anaacha msikiti au kanisa, halishi familia yake kwa furaha hata akiwa na pesa, hambebi mtoto mchanga kwa sababu anaona mikono yake itamchafua. Thomas Joiner, mwanasaikolojia wa Marekani, anataja mambo mawili yanayozaa hamu ya kufa: kuona huna pa kuwa mmoja wa watu, na kuona kwamba wewe ni mzigo kwao. Jeraha la dhamiri huyaleta yote mawili, tena huongeza la tatu ambalo mimi hulisikia wazi, nalo ni kiu ya adhabu. Mtu hatafuti kupumzika. Anatafuta kulipa. Shira Maguen na wenzake, katika utafiti wao wa mwaka 2012 kuhusu wanajeshi waliopigana Vietnam, walikuta kwamba waliokuwa wameua zaidi vitani walikuwa na uwezekano wa takriban mara mbili wa kuwa na mawazo ya kujiua, hata kiwewe, sonona na ulevi vikishawekwa kwenye hesabu. Yaani ukitibu usingizi tu na hofu tu, unaweza kuliacha lile linaloua.

Ndiyo maana nauliza waziwazi: "Umefikiria kujiua?" Sizungukizungukii, ingawa adabu ya kwetu inapenda fumbo. Kumuuliza mtu hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa pumzi ya kwanza, kwamba kumbe linasemeka. Lakini kwa miaka mingi swali hilo lilikuwa na mtego. Kifungu cha 226 cha sheria yetu ya adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la kufungwa hadi miaka miwili, kikaendelea hivyo mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Hebu fikiria askari polisi akiulizwa swali hilo zamani. Jibu la kweli lingekuwa kukiri kosa analokamatia wengine. Hata sasa wengi hawana habari kwamba sheria imebadilika, na mimi huanza mazungumzo kwa kuwaambia.

Mtu akijibu ndiyo, tunaandika mpango, kwa mkono wake mwenyewe: dalili gani humwonya kwamba hali inageuka, anafanya nini peke yake, anamwendea nani, anampigia nani usiku wa manane. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu, isiyo na malipo, huwa humo. Na kitu chochote anachoweza kujidhuru nacho kinawekwa mbali naye kwa muda. Kwa askari maana yake ni bunduki, na hapo huwa na mazungumzo magumu na bosi wake, kwa idhini yake, ili asipangiwe kazi ya silaha, wala asiaibishwe mbele ya wenzake. Hili la kuaibishwa silipuuzi. Kumpokonya mtu silaha kwenye gwaride ni kumpa ushahidi kwamba alijihukumu sawasawa.

Mpango huvusha usiku. Jeraha lenyewe linataka kitu kingine. Litz na wenzake wana njia ambayo mtu huzungumza, kwa kuwazia tu, na mtu anayemheshimu kwa maadili na anayemtakia mema. Anamwambia yote, kisha anasema kwa sauti kile anachoamini mtu huyo angemjibu. Askari mmoja aliyekuwa barabarani wakati wa maandamano, mwenye mtoto nyumbani wa umri uleule wa waliokuwa mbele yake, alimchagua mwalimu wake wa madrasa, marehemu. Nilitarajia maneno ya msamaha. Akakaa kimya sana, kisha akasema mwalimu anamuuliza atafanya nini na umri uliobaki.

Swali hilo lilimfaa kuliko dawa nilizompa. Wagonjwa wangu Waislamu wanayajua masharti ya toba tangu utotoni: kuliacha kosa, kujuta, kuazimia kutolirudia, na haki ya mja ikiwa imeguswa, kuirudisha au kuomba radhi. Wengi wamekwama kwenye kujuta, wanajuta usiku na mchana, kana kwamba hilo ndilo sharti la pekee. Lile la mwisho ndilo linalompa mtu kazi ya kufanya, na mwenye kazi ya kufanya ana sababu ya kuiona kesho. Wakristo nao wana njia yao ya kitubio na malipizi, na sioni haya kumwita padri au imamu, mradi nimjue kwanza, maana wako wanaokuja kuhukumu upya. Kaskazini mwa Uganda Waacholi waliwapokea vijana waliotekwa na waasi wa LRA kwa kuwakanyagisha yai kabla ya kuingia nyumbani. Sisemi yai huponya. Nasema palikuwa na watu waliosimama pale kumpokea.

Kuna mahali ufundi wangu unagota, nako ni pale fungu kubwa la lawama likiwa la mkubwa ambaye hajawahi kusema neno. Mimi siwezi kumwombea mtu radhi ambazo si zangu. Kila kifo kibaya kikitokea, wakubwa hunialika niende nikawape watumishi semina ya kujitunza: pumua hivi, lala mapema, kunywa maji. Nimezoea kuuliza kwanza kama mitungi imenunuliwa, na kama yupo mkubwa atakayeketi na wale wa zamu ile awaambie ni nini hakikufanywa na nani. Mara nyingi, baada ya swali hilo, semina huahirishwa.