Nyumba Yetu Ilipanda Chukudu



Wengi wetu hapa Goma tunakaa katika nyumba za mbao. Baada ya volkano ya tarehe 17 Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji mpaka ziwani, mbao ziliwasaidia watu wengi kujenga upya upesi. Nyumba ya namna hiyo ina jambo moja jema: kiwanja kinaweza kuwa cha mtu mwingine, lakini mbao ni zako. Siku mwenyewe anapokitaka, unaibomoa na kwenda nayo.

Siku hiyo ilitufikia sisi mwaka jana, katika likizo kubwa. Mwenye kiwanja kule Majengo alitupa mwezi mmoja. Tulipata pahali upande wa Lac Vert, tukamwita fundi. Bei aliyotaja ilishinda mshahara wa mwalimu. Basi tukakata shauri: tutabomoa wenyewe, na fundi tutamlipa siku moja tu, ya kusimamisha nguzo.

Tulianza na mabati, halafu kuta, nguzo mwisho. Misumari tuliing'oa polepole, watoto wakainyoosha kwa nyundo juu ya jiwe. Kila ubao tuliuandika kwa chaki: ukuta wa barabarani herufi A, wa jikoni B, pamoja na namba kutoka chini kwenda juu. Tulijivuna kidogo, kwa kuwa ilikuwa kazi ya walimu!

Chukudu tatu zilibeba nyumba yetu kwa siku mbili, kwenye barabara ya Sake. Sisi tulitembea nyuma, magodoro kichwani. Kijana mmoja alisimama mara mbili kupigilia upya mpira wa tairi kuukuu juu ya gurudumu lake la mti. Alituambia, "Mama, chukudu usipoitengeneza njiani, itakuacha njiani."

Usiku ule mvua ikanyesha, tena mwezi wa Agosti. Asubuhi chaki yote ilikuwa imekwenda. Baba watoto alikaa juu ya jiwe bila kusema neno. Binti yetu mkubwa ndiye aliyeuona ubao wenye alama za mkaa, pale tunapopima urefu wa watoto kila Noeli. Ubao huo ulikuwa karibu na mlango. Mbao zenye moshi zilikuwa za jikoni. Matundu ya misumari yakatuonyesha nyingine. Tulipoteza siku mbili. Wewe ukihama, weka alama kwa rangi, au chonga kwa kisu.

Lakini mbao hazikuwa shida kubwa kuliko zote. Kiwanja kile kina sehemu mbili: chini ni sawasawa, juu ni makoro makali. Tulikwisha kupanga mbao kule chini, tusije tukavunja mawe. Mama jirani akaja na mtoto mgongoni, akasema: "Mama mwalimu, usilaze watoto hapo. Hapo pana mazuku. Mbuzi wangu alilala hapo, hakuamka."

Darasani tunafundisha kwamba gesi ya kaboni ni nzito kuliko hewa. Inatoka ardhini, inakaa mashimoni, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Haionekani, haina harufu, na mtoto, kwa kuwa ni mfupi, inampata kwanza. Tunayajua hayo yote, lakini karibu tujenge humo. Tulihamisha mbao zote juu, tukavunja makoro siku nne. Mikono ilitoka damu. Mawe hayo hayo tuliyapanga yakawa msingi, ili ubao wa chini usiguse udongo wenye maji na mchwa.

Tulipojenga upya tulirekebisha na mambo mengine. Mbao za nje tulizipaka mafuta machafu ya injini, lakini si karibu na moto, wala pale watoto wanapogusa. Jiko tuliliweka mbali na nyumba, kwa sababu moto wa mbao unaruka haraka. Chini ya mabati tulifunga mfereji wa kuingiza maji katika pipa. Maji ya kwanza ya mvua tunayamwaga, kwa kuwa yanaosha majivu na vumbi la paa, na moshi wa Nyiragongo unayafanya kuwa makali. Hata mabati yanaliwa nayo. Kwa hiyo kila miezi michache tunapanda kutazama palipotoboka.

Shule zilipofunguliwa Septemba, tulikuwa tunalala ndani. Mlango unakwaruza kidogo. Bado tunalipia kiwanja cha mtu, na siku moja labda tutahama tena. Siku hiyo, kabla ya kushusha ubao hata mmoja, tutakwenda kwanza kwa mama jirani kuuliza mbuzi wanalala wapi.